MOSHI TUNAOUVUTA
Somo juu ya chembe ndogo zilizomo hewani



Leo tutasoma juu ya moshi. Najua wengine mtasema, "Moshi nao wa kusomeshwa? Si tumezaliwa nao jikoni?" Ni kweli. Lakini hata maji tumezaliwa nayo, na bado ilibidi tujifunze kuyachemsha. Moshi una habari ambazo mama zetu hawakuwa na njia ya kuzijua, kwa sababu vyombo vya kuupimia vimeanza kutumika katika nchi zetu miaka ya karibuni tu. Soma polepole. Ukifika penye hesabu, chukua kalamu.

MOSHI NI KITU GANI

Ukuni mkavu ukiungua vizuri, na hewa ikiupata vya kutosha, hutoa moto mkali na moshi kidogo sana. Ukuni mbichi hulia, hutoa povu, na jiko lote hujaa moshi. Kwa nini? Kwa sababu joto linatumika kwanza kukausha maji yaliyomo ndani ya ukuni. Moto unakuwa baridi. Sehemu ya ukuni inapanda juu kabla haijawahi kuungua. Basi moshi ni ukuni ulioshindwa kuungua. Ni kuni zako ulizozibeba kutoka shamba au ulizozinunua, zinatoka kwa dirishani bila ya kupika kitu.

Ndani ya moshi mna vitu vya namna mbili. Kuna hewa zisizoonekana, na moja ya hizo ni ile hewa ya sumu ya makaa ambayo tutaitaja baadaye. Na kuna chembe. Chembe ni vipande vidogo mno vya masizi, lami ya ukuni na majivu, vinavyoelea.

Umewahi kukaa jikoni asubuhi, jua likapenya kwenye tundu la makuti? Unaona mstari wa mwanga, na ndani yake vumbi linacheza. Wengi hudhani hizo ndizo chembe zenyewe. La. Hizo unazoziona moja moja ni kubwa. Zenye hatari zaidi ni zile ambazo huzioni moja moja; unaziona zikiwa kundi tu, kama rangi ya buluu au kijivu hewani.

Tupime. Chukua rula ya mtoto wa skuli. Tazama nafasi ndogo kabisa kati ya mistari miwili. Hiyo ni milimita moja. Sasa fikiria umeigawa milimita hiyo vipande elfu moja. Kipande kimoja huitwa maikromita. Chembe ambazo wataalamu wanaziogopa zaidi zina upana wa maikromita mbili na nusu au chini ya hapo. Unywele wa kichwa chako ni mpana kama mara 30 kuliko chembe hiyo.

Udogo huo ndio ubaya wake. Vumbi kubwa la barabarani hunaswa na vinyweleo vya puani na makamasi, ukapenga likatoka. Lililo dogo kidogo hufika kooni, ukalikohoa. Lakini hizi ndogo kabisa hazinaswi. Hushuka na pumzi mpaka mwisho wa mapafu, kwenye vifuko vidogo ambamo hewa huingia katika damu. Huko hukaa na kuleta uvimbe. Zilizo ndogo zaidi huvuka na kuingia katika damu yenyewe. Ndiyo maana moshi hauleti kikohozi peke yake. Huleta pia maradhi ya moyo na kiharusi, na akina mama wanaopikia kuni miaka mingi huonekana zaidi na mtoto wa jicho. Mama mjamzito anayeishi katika moshi huweza kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo.

KIPIMO

Hewa hupimwaje? Fikiria kasha lenye urefu wa mita moja, upana wa mita moja na kimo cha mita moja. Wataalamu huvuta hewa kwa pampu, wakaipitisha kwenye kichungi, yaani kama chujio la tui lakini la matundu madogo sana. Kichungi hupimwa uzito kabla na baada. Tofauti ya uzito ndiyo chembe. Kisha wanasema: katika kasha moja la hewa mlikuwamo chembe za uzito kadha.

Uzito huo ni mdogo, hauwezi kupimwa kwa mizani ya dukani. Chukua gramu moja ya sukari, igawe mafungu milioni moja. Fungu moja huitwa maikrogramu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya: kwa wastani wa mwaka mzima, kasha moja la hewa lisiwe na zaidi ya maikrogramu 5 za chembe hizi ndogo. Kwa siku moja, zisizidi 15. Mwongozo wa kabla yake, wa mwaka 2005, uliruhusu 10 kwa mwaka. Ulishushwa kwa sababu utafiti wa miaka iliyofuata ulionyesha kwamba watu hudhurika hata pale hewa inapoonekana safi.

Weka namba hizo akilini: 5 kwa mwaka, 15 kwa siku. Tutazitumia.

MJI ULIOFUNIKWA NA MOSHI

Zamani watu wa Ulaya nao walidhani moshi ni alama ya maendeleo tu. Mji wa London ulikuwa ukitumia makaa ya mawe majumbani na viwandani. Tarehe 5 Desemba 1952 upepo ulisimama. Baridi ilikandamiza hewa chini, moshi ukakosa pa kwenda. Kwa siku tano watu hawakuweza kuona njia mchana. Hesabu ya vifo ilipopigwa, ilionekana wamekufa watu kama 4,000 zaidi ya kawaida ya siku hizo. Wataalamu waliorudia hesabu baadaye walisema kama 12,000. Wengi walikuwa wazee, watoto wachanga na wenye maradhi ya kifua. Mwaka 1956 Uingereza ikatunga sheria ya hewa safi.

Jambo la kuzingatia hapo ni upepo. Moshi wa London haukuongezeka sana wiki ile. Kilichobadilika ni kwamba ulikosa kuondoka.

Afrika Mashariki tuna miji yetu. Mwezi Julai 2009 watafiti walibeba vyombo vya kupimia wakazunguka Nairobi mchana. Nje ya mji, shambani, walipata kama maikrogramu 11 katika kasha la hewa. Katikati ya mji, kando ya njia ya waendao kwa miguu, walipata 98. Utafiti mwingine uliofanywa hapo hapo Nairobi kati ya mwaka 2008 na 2010 ulionyesha kwamba kama robo tatu ya chembe zile ndogo zilitokana na magari na vumbi la udongo. Basi mwenye kuuza njugu au magazeti kando ya barabara ile siku nzima, anavuta hewa mbaya kuliko anayepita ndani ya gari akaondoka.

Sisi wa visiwani tumeyaonja kidogo. Desemba 2009 waya wa umeme wa Unguja uliharibika, na mji ukakaa gizani karibu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Kila duka likatoa jenereta barazani. Waliokuwapo wanakumbuka kelele na harufu. Hapa Pemba tulitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha mpaka mwaka 2010, umeme ulipoanza kuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Wengi hushukuru kwa sababu ya taa. Mimi nashukuru pia kwa sababu ya hewa.

SUKARI INAYOTOA USHAHIDI

Sasa tufike kwenye jambo ambalo binafsi nalipenda kuliko yote katika somo hili.

Chembe zikishanaswa kwenye kichungi zote ni nyeusi au kijivu. Utajuaje hii imetoka kwenye gari, ile kwenye kuni, nyingine kwenye bahari? Katika kisomo chetu hapa Madungu mama mmoja aliniuliza swali hilo hilo: "Mwalimu, moshi una jina la mwenyewe?" Nikamjibu, ndiyo, Bi Mkubwa, unalo.

Mti umejengwa kwa sukari. Usistaajabu. Majani hutengeneza sukari kwa jua na maji, na mti huifunga sukari hiyo pamoja, minyororo mirefu mirefu, ikawa ukuni mgumu. Hatuwezi kuila kwa sababu imefungamana. Ukuni ukipata moto, minyororo hukatika, na hutoka namna ya sukari iliyogeuka inayoitwa levoglukosani. Hupanda na moshi, hukaa hewani, hunaswa kwenye kichungi. Petroli haina. Dizeli haina. Bahari haina. Kwa hiyo mtaalamu akiiona kwenye kichungi, anajua kwamba kuna mahali mti, jani au nyasi imeungua. Tena huangalia madini ya potasiamu, yale ambayo mmea huyavuta kutoka ardhini na hubaki kwenye majivu; ndiyo maana majivu hufaa kama mbolea. Chumvi ya bahari ina alama yake nyingine.

Mwaka 2011 mtafiti Stelyus Mkoma wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, alifanya kazi hiyo pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani. Hawakupima mjini. Walipima mahali pa shamba, Morogoro, mara moja wakati wa mvua na mara ya pili wakati wa kiangazi. Wakati wa mvua walipata wastani wa maikrogramu 28 za chembe ndogo katika kasha la hewa. Wakati wa kiangazi walipata 39. Na ile sukari ya moshi walikuta ipo, pamoja na potasiamu. Maana yake: hewa ya shamba nayo ilikuwa imebeba moshi wa kuni za jikoni na wa moto wa mashamba na mapori.

Hapa ndipo penye funzo ambalo wengi hatulitaki. Tumezoea kusema moshi ni wa mjini, shamba kuna hewa safi. Rudia kile kipimo cha siku moja: 15. Linganisha na 28, kisha na 39.

Kuhusu moto wa mapori: katika eneo lote la dunia linaloungua kila mwaka, kama sehemu 7 katika 10 ziko Afrika. Hilo linajulikana kwa setilaiti zinazozunguka dunia na kuona moto kutoka juu, mchana na usiku. Katika Tanzania Bara na Msumbiji moto huo huwa mwingi kuanzia Juni mpaka Oktoba, wakulima wanaposafisha mashamba na wafugaji wanapotafuta nyasi mpya.

UPEPO WETU

Je, moshi huo hutufikia Pemba? Jibu wanalo wavuvi. Miezi hiyo ya Juni mpaka Septemba huvuma nini? Kusi. Kusi hutoka upande wa bahari kuu, kusini mashariki, na huusukuma moshi wa Bara kwenda ndani ya Bara, mbali na sisi. Kati yetu na Bara pana mkondo wa bahari wa kiasi cha kilomita 50. Kaskazi nao, Desemba mpaka Machi, hutoka baharini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka Pemba hupata upepo wa bahari, na hiyo ni neema.

Lakini upepo husafisha pale unapopita tu. Jiko lililozibwa pande zote haliufahamu upepo. Ukutani nje panavuma kusi, ndani mama anafuta macho. Ndiyo maana kwa watu wa Madungu na vijiji vya Chake Chake, mimi nasema habari kubwa ya moshi haipo Nairobi wala London. Ipo hatua chache kutoka kitandani.

JIKONI

Bagamoyo ni pwani kama kwetu: minazi, kuni, makaa, nyumba za udongo na za mawe. Watafiti walikwenda huko, na matokeo yao yalitolewa mwaka 2007. Waliangalia nyumba 100. Walipima jikoni, sebuleni na nje. Chembe zilikuwa nyingi zaidi jikoni, na kidogo zaidi nje. Pale ambapo watu hupikia chumba hicho hicho wanachokaa, hali ilikuwa mbaya zaidi. Kisha wakaangalia nani anavuta. Mpishi alivuta kuliko wote. Wanaume walivuta kidogo kuliko wote. Na wapishi pamoja na watoto wa chini ya miaka mitano walionekana kuugua maradhi ya njia ya hewa zaidi sana kuliko wengine wa nyumba zile zile.

Mtoto wa chini ya miaka mitano anafanya nini jikoni? Yuko mgongoni kwa mama, au kakaa mkekani karibu. Mapafu yake bado yanakua, na yeye hupumua haraka kuliko mtu mzima. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto wadogo walikuwa zaidi ya 237,000. Wengi wa watoto hao ni wa homa ya mapafu.

Kuna utafiti mwingine wa Kenya, Laikipia, uliotolewa mwaka 2001. Hao walikaa na watu wa nyumba 55 kwa zaidi ya miaka miwili, wakipima moshi na kuandika nani kaugua. Waligundua jambo ambalo kila mpishi akilisikia husema, "Ee, kweli." Moshi hautoki sawasawa. Hupanda kwa ghafla wakati wa kuwasha, wakati wa kuongeza kuni, na wakati wa kuchochea. Na nani yuko karibu wakati huo? Anayewasha, anayeongeza, anayechochea. Ukipima katikati ya chumba na kuchukua wastani wa siku, unamdanganya mpishi, kwa sababu uso wake uko juu ya mafiga hasa pale moshi unapokuwa mwingi. Waliona pia kwamba mwenye kuvuta zaidi anaugua zaidi, na kwamba makaa hutoa chembe chache kuliko kuni.

Lakini makaa yana hatari yao. Hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Jiko la makaa likiingizwa chumbani usiku wa baridi au mvua, mlango ukafungwa, watu hulala wasiamke. Usithubutu.

MZEE ALINIBISHIA

Tulipolisoma somo hili katika kisomo, mzee mmoja alisimama. Akasema: "Mwalimu, moshi ndio unaohifadhi makuti yasiliwe na wadudu. Moshi unakausha mbegu za mahindi nilizotundika darini. Unafukuza mbu. Ukiniondolea moshi, utanijia kunipaulia nyumba?"

Watu walicheka, lakini hoja yake ni ya kweli. Makuti ya jikoni hudumu kuliko ya baraza. Mbegu za juu ya mafiga haziliwi na dumuzi upesi. Nilimwambia, mzee wangu, moshi uliokwisha kupanda darini haumdhuru mtu kwa kiasi kikubwa. Unaodhuru ni ule ulioko usawa wa pua. Basi tuufanye upande haraka na utoke. Juu ya mbu, chandarua kinafanya kazi hiyo vizuri zaidi kuliko moshi. Alikaa. Sijui kama aliridhika.

JIKO JIPYA PEKE YAKE?

Wako watakaosema dawa ni majiko sanifu, yale yanayotumia kuni kidogo. Mimi nayaunga mkono, maana yanapunguza kuni. Ila tusiahidiane uongo. Malawi walifanya jaribio kubwa katika vijiji 150, lenye watoto zaidi ya elfu kumi wa chini ya miaka minne na nusu, na matokeo yalitolewa mwaka 2017. Nusu ya vijiji walipewa majiko ya kuni yenye kutoa moshi kidogo, nusu wakaendelea na mafiga. Homa ya mapafu kwa watoto haikupungua. Pande zote mbili waliugua sawa.

Kwa nini? Watafiti walieleza kwamba moshi ulikuwa unatoka na pengine: taka zinazochomwa uwani, taa za mafuta, tumbaku, jiko la jirani. Na majiko mengine yaliharibika. Ukiziba tundu moja la mtumbwi wenye matundu manne, bado utaingia maji.

Tutazame basi matundu mengine.

Kibatari. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walipima taa za utambi zisizo na chemni. Katika kila gramu 100 za mafuta ya taa, gramu 7 mpaka 9 zilitoka kama masizi meusi matupu. Weka sahani nyeupe juu ya kibatari kwa dakika moja, utaona mwenyewe. Mtoto anayesoma usiku huinamia moto huo kwa saa nzima, pua juu ya utambi. Taa ndogo ya jua imeondoa habari hii katika nyumba nyingi, na kama kuna kitu cha kwanza cha kununua kwa fedha za karafuu, mimi ningeanza na hicho.

Taka. Zamani taka zetu zilikuwa makumbi, majani, maganda ya muhogo. Sasa mna mifuko, chupa za plastiki, nepi, vipande vya mpira. Moshi wa plastiki una sumu ambazo ukuni hauna. Na iko tabia nyingine ninayoiona kila siku: mtu anawasha makaa kwa kipande cha mfuko wa plastiki, kwa kuwa unashika moto upesi. Kisha anaupepea, kifua juu ya jiko. Kwa kuwashia, kumbi kavu au kifuu kinatosha, na kwetu Pemba havinunuliwi.

Udi na ubani. Hapa naomba mnivumilie, maana najua arusi haiwi arusi bila ya chetezo. Ndugu zetu wa Oman, ambao wengi wetu tuna jamaa huko, walilifanyia utafiti jambo hili kwa watoto wa skuli wenye umri wa miaka 10, na matokeo yalitolewa mwaka 2009. Hawakuona kwamba kufukiza bukhuri kunampa pumu mtoto asiyekuwa nayo. Lakini kwa mtoto mwenye pumu, mara nyingi moshi ule ulimwanzishia kubanwa kifua. Basi kama nyumbani mna mwenye pumu, fukizeni nguo naye akiwa nje, fungueni madirisha, kisha aingie.

Tanuri za makaa na za chokaa nazo zina moshi mwingi, ila huwa mbali na nyumba. Anayezihudumia ajiweke upande upepo unakotoka. Hilo kila mchoma makaa analijua, tatizo ni kulifuata.

TUFANYE NINI KWA HALI TULIYO NAYO

Gesi na umeme ndiyo njia yenye moshi mdogo kabisa. Mwaka 2024 Serikali ya Muungano ilitangaza mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lakini mtungi hujazwa kwa fedha taslimu, na fedha ya karafuu huja kwa msimu. Wengi hupikia gesi chai ya asubuhi na kuni kwa maharage. Hata hiyo ni nafuu. Usione haya kuchanganya.

Kwa anayetumia kuni, anza na kuni zenyewe. Zipasue nyembamba, zianike mpaka zilie ukizigonganisha, uziweke mahali pasiponyesha. Ukuni mkavu hupika haraka na hutoa moshi kidogo. Loweka maharage usiku kucha. Funika sufuria. Kila dakika unayopunguza motoni umeipunguza kifuani.

Kisha jengo. Ikiwa jiko liko ndani ya nyumba ya kulala, litoe, hata kama ni kibanda cha makuti uwani. Acha wazi nafasi kati ya ukuta na paa, pande mbili zinazotazamana, upande wa kaskazi na upande wa kusi, ili upepo uingie huku utokee kule. Dirisha moja peke yake huingiza upepo na kuurudisha moshi ndani. Lazima yawe mawili. Kazi hii ni ya wanaume. Wao ndio wanaojenga, na wao ndio wanaovuta kidogo kuliko wote, kwa hiyo wasipoambiwa hawataona haja.

Na la mwisho ndilo rahisi kuliko yote, halina gharama. Wakati wa kuwasha na kuongeza kuni, mtoto asiwe mgongoni. Mpe bibi yake, au mweke barazani na ndugu yake, mpaka moto ushike. Ni robo saa. Mtoto akiwa na kikohozi na anapumua haraka haraka, au kifua kinabonyea ndani kila anapovuta pumzi, usingoje asubuhi wala usianze na dawa za kienyeji. Mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo.

JARIBIO NA MASWALI YA KIKUNDI

Chukueni sahani mbili nyeupe, zipakeni mafuta ya kula kidogo sana. Moja iwekeni jikoni usawa wa kichwa cha mpishi, nyingine barazani. Ziacheni siku moja, kisha zileteni darasani mzilinganishe. Kumbukeni kwamba kilichonasa hapo ni chembe kubwa tu, ndogo hazitaonekana.

Zungumzeni: Katika nyumba zenu, nani yuko karibu na moto wakati wa kuwasha? Jiko lenu lina matundu mangapi ya hewa, na yanatazama wapi? Taka za plastiki za mtaa wenu huishia wapi, na nani wa kuzungumza na sheha juu ya jaa?

Andikeni hesabu hizi daftarini. Morogoro, chembe za kiangazi zilizidi za wakati wa mvua kwa maikrogramu ngapi? Kando ya njia ya Nairobi palikuwa na 98 na shambani 11: njia ilizidi shamba kama mara ngapi? Mama anayepika saa nne kwa siku, kwa siku 30, anakaa jikoni saa ngapi kwa mwezi?

Majibu: maikrogramu 11, kama mara 9, saa 120.